Meno Bandia Yakae Yalipokaa ya Kwanza

Uwe jikoni, dukani, ndani ya basi au barazani, sogea karibu na redio. Na kama nyumbani kwenu yupo bibi au babu aliyepoteza meno, mwite naye asikilize, kwa kuwa mazungumzo ya leo ni yake hasa.

Leo tunazungumzia meno bandia, na hasa yale ya mbele, yanayoonekana mtu akicheka, akisalimia au akipigwa picha harusini. Swali letu ni hili: mtu ambaye hakubakiwa na jino hata moja, daktari atajuaje pa kumpangia meno yake ya mbele? Yatokeze kiasi gani? Yashuke hadi wapi? Na katikati ya mdomo ni wapi, wakati hakuna tena jino la kuonyesha katikati?

Nina mambo matatu ya kukueleza. La kwanza, kwa nini ufizi uliobaki hautoshi kutuongoza. La pili, alama ambazo mwili umetuachia, tukizifuata tunafika karibu na pale meno ya asili yalipokuwa. La tatu, kazi yako wewe mgonjwa, au wewe mtoto uliyempeleka mzazi wako, siku ile meno yanapojaribiwa yakiwa bado kwenye nta.

Tuanze na la kwanza.

Jino likishang'olewa, mfupa uliokuwa umelishika hubaki bila kazi, nao huanza kupungua. Hupungua kwa kasi zaidi katika mwaka wa kwanza, kisha huendelea polepole miaka nenda miaka rudi. Mtafiti mmoja, Antje Tallgren, aliwafuatilia watu waliovaa meno bandia kwa muda unaofikia miaka 25, na mwaka 1972 akachapisha aliyoyaona. Aliona kwamba kupungua huko hakukomi. Aliona pia kwamba taya la chini, upande wa mbele, lilipoteza kimo yapata mara nne ya kile kilichopotezwa na taya la juu.

Sasa sikiliza vizuri, kwa sababu hapa ndipo makosa mengi yanapoanzia. Katika taya la juu, mfupa ulio mbele ya mizizi ya meno ni mwembamba sana. Huo ndio unaowahi kuisha. Kwa hiyo ukingo wa ufizi wa juu haubaki pale ulipokuwa: unapanda juu na unarudi nyuma, kuelekea kaakaa. Mzee aliyeng'olewa meno miaka mingi iliyopita, ukingo wa ufizi wake uko nyuma kabisa ya mahali meno yake yalipokuwa yamesimama.

Je, fundi wa meno bandia akiyapanga meno mapya juu kabisa ya ukingo huo, matokeo yatakuwa nini? Mdomo wa juu utakosa cha kuuegemeza. Utabonyea ndani, mikunjo itaongezeka pembeni mwa midomo, na mtu ataonekana mzee kuliko umri wake ingawa ana meno mapya kinywani. Ulimi nao utabanwa. Ndipo unamsikia mtu akisema, "Nimetengenezewa meno lakini nayaweka kabatini."

Narudia, msikilizaji: ufizi uliobaki unatuonyesha mahali mfupa ulipofika katika kupungua kwake. Hautuonyeshi mahali meno yalipokuwa. Mambo hayo ni mawili tofauti.

Tutaongozwa na nini basi? Umewahi kushuhudia ugomvi wa mpaka wa kiwanja? Ua limeoza, nyumba imebomoka, kila mmoja anasema lake. Mpima ardhi akifika hapotezi muda na kichaka kilichoota juu; anatafuta jiwe la mpaka, lile lililozikwa zamani na halikung'olewa. Kinywani pia yapo mawe ya namna hiyo. Hilo ndilo jambo letu la pili.

Tufanye jaribio dogo pamoja. Kama bado una meno yako, weka ncha ya ulimi nyuma ya meno mawili ya katikati, ya juu. Sasa irudishe nyuma kidogo, juu ya ufizi, pale kaakaa linapoanzia. Umegusa kinundu kidogo, laini, kilicho katikati kabisa? Hicho ndicho nilichotaka ukifahamu leo. Chini ya kinundu hicho kuna tundu kwenye mfupa linalopitisha neva na mishipa midogo ya damu. Meno yanaondoka, ukingo wa ufizi unarudi nyuma, lakini kinundu hicho hakisogei sana. Kwa aliyekaa muda mrefu bila meno utakikuta kimekuja kukaa juu ya ukingo wenyewe, kwa sababu ukingo ndio uliokifuata.

Kinatusaidiaje? Kwanza, kinatuonyesha katikati. Mstari unaotenganisha meno mawili ya mbele mara nyingi hupita usawa wake. Pili, kinatuonyesha jinsi meno yanavyopaswa kutokeza. Kwa watu wengi, uso wa mbele wa meno mawili ya katikati uko kama milimita 8 hadi 10 mbele ya katikati ya kinundu hicho. Karibu sentimita moja, msikilizaji. Sasa mfikirie yule mzee ambaye kinundu chake kiko juu ya ukingo. Ukimpangia meno juu ya ukingo, umeyarudisha nyuma karibu sentimita nzima. Kwenye uso wa mtu, sentimita ni nyingi mno.

Tatu, kinatusaidia kuziweka chonge, yale meno mawili yaliyochongoka kwenye kona. Tukichora mstari ukipita katikati ya kinundu kutoka kulia kwenda kushoto, chonge za juu mara nyingi huangukia karibu na mstari huo. Kwa hiyo alama moja ndogo inatuambia katikati ni wapi, mbele ni wapi na kona ni wapi.

Lakini usiondoke ukidhani inatosha. Vipimo hivi ni vya wastani. Kuna mwenye taya lililochongoka, kuna mwenye taya pana, na kinundu chenyewe husogea kidogo mfupa unapopungua. Ndiyo maana daktari makini hukusanya ushahidi kutoka alama kadhaa, akaona kama zinakubaliana.

Alama nyingine iko usoni. Gusa kile kijifereji kinachoshuka kutoka puani hadi mdomo wa juu. Kinatusaidia kuhakiki katikati. Kisha tunaangalia mboni za macho. Mtu akiketi wima akatazama mbele, mstari unaopita kwenye mboni zake mbili unatakiwa kwenda sambamba na ncha za meno ya mbele ya juu. Meno yakipinda kwenda upande mmoja, hata mtoto mdogo ataona kuna kitu hakijakaa sawa, ingawa hatajua ni kipi. Halafu tunaangalia pembe za mdomo mtu akiwa ametulia, maana chonge kwa kawaida hukaa karibu na usawa huo.

Vitabu vinataja pia upana wa pua: teremsha mistari miwili kutoka kwenye mabawa ya pua, utafika kwenye chonge. Hapa nawasihi wanafunzi na mafundi vijana wanaonisikiliza wawe waangalifu. Pua za watu hazifanani. Ukichukua kipimo kilichozoeleka kwa Wazungu ukamwekea mtu wa Songea au wa Kisumu bila kuhakiki, unaweza kumpa meno mapana yasiyokuwa yake kamwe. Pua isikilizwe, lakini isiachiwe kuamua peke yake.

Sasa tuje kwenye midomo, maana meno ya mbele yanaishi nyuma ya midomo. Mwambie mtu atulie, midomo iachane kidogo. Je, meno ya juu yanachungulia kiasi gani? Mwaka 1978, Vig na Brundo, watafiti wa Marekani, walichapisha vipimo vya jambo hili. Kwa wastani wanawake walionyesha meno ya juu zaidi ya wanaume: wanaume karibu milimita 2, wanawake zaidi ya 3. Na kadiri umri unavyosonga, meno ya juu yanaonekana kidogo zaidi na ya chini yanaonekana zaidi, kwa sababu midomo inalegea na kushuka. Kwa hiyo bibi wa miaka 75 hahitaji kutokezewa meno kama msichana wa miaka 20. Wala asifichiwe kabisa. Apewe yanayolingana na uso wake.

Na sasa nakuja kwenye kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakigharimu hata senti: sauti ya mgonjwa mwenyewe.

Sema pamoja nami: "Fua nguo." Sasa sema: "Vua nguo." Umehisi ncha za meno ya juu zilipogusa? Zimegusa mdomo wa chini, pale sehemu kavu ya mdomo inapokutana na sehemu yenye unyevu. Hapo ndipo ncha hizo zinapotakiwa kufika. Meno yakiwa marefu mno, "fa" huelekea kusikika "va". Yakiwa mafupi mno, "va" huelekea kusikika "fa".

Nikupe mfano. Alikuja kwangu mama mmoja mtu mzima, amefuatana na binti yake, siku ya kujaribu meno kwenye nta. Nikamwamkia, "Shikamoo mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Nikampachika meno yale, nikamwomba aseme, "Fua nguo." Likatoka wazi kabisa: "Vua nguo." Binti yake akacheka, mama naye akaziba mdomo kwa upande wa khanga akicheka vilevile, akasema, "Haya meno yanataka kuniaibisha!" Nikayatoa, nikapasha kisu cha nta, nikalainisha nta chini ya meno mawili ya katikati, nikayapandisha juu kidogo sana, kama unene wa kucha. Nikayarudisha kinywani. "Sema tena, mama." Akasema polepole, "Fua nguo." Kisha haraka, "Fua, fua, fua nguo." Binti akanyamaza, akamtazama mama yake, akasema, "Sasa hiyo ndiyo sauti yako, mama." Kazi ile yote ilichukua dakika chache. Lau meno yale yangekuwa yamekwisha kupikwa kwenye plastiki ngumu, tungehitaji kuanza upya.

Sauti ya pili ni "sa". Hesabu nami: "Sitini na sita, sabini na saba." Hapo taya la chini hupanda hadi meno ya juu na ya chini yanakaribiana sana bila kugusana. Ukisikia meno yanagongana, kimo kati ya taya la juu na la chini kimezidi. Ukisikia filimbi, au "sa" ikageuka "tha", njia ya hewa kati ya ulimi na meno haijakaa sawa.

Sauti ya tatu: "thelathini", "dhahabu", "fedha". Hapa ncha ya ulimi huchungulia kati ya meno. Ikikosa kuonekana kabisa, huenda meno yametokezwa mbele mno. Ikitoka nyingi, huenda yamerudishwa nyuma mno. Lakini daktari, muulize kwanza mgonjwa au ndugu zake alivyokuwa akisema zamani. Wapo wengi wanaosema "zahabu" na "feza" tangu utotoni, na hilo halina uhusiano na meno. Kazi yetu ni kumrudishia mtu sauti yake aliyoizoea, hatukuajiriwa kumfundisha matamshi.

Kabla sijaingia jambo la tatu, niseme kuhusu sura ya meno yenyewe. Mwaka 1914, Leon Williams aliwafundisha madaktari wa meno kwamba umbo la meno ya mbele hufuata umbo la uso uliopinduliwa: uso wa mraba, meno ya mraba, uso wa yai, meno ya yai. Fundisho hilo lilienea sana, na mpaka leo meno ya viwandani huuzwa kwa makundi ya namna hiyo. Lakini watu walipopimwa baadaye, ulinganifu huo haukuonekana mara zote. Basi tuseme hivi: picha moja ya zamani ya mgonjwa akicheka ina thamani kuliko kanuni hiyo.

Na picha inasema mengi. Je, alikuwa na mwanya? Kwetu mwanya ni pambo, na mtu aliyesifiwa mwanya wake ujana mzima ana haki ya kurudishiwa mwanya huo. Je, jino moja lilipanda kidogo juu ya jingine? Je, alitoka Arusha au upande wa Meru, ambako maji yenye floridi nyingi huacha rangi ya kahawia kwenye meno? Wengine watapenda rangi hiyo iondoke kabisa, wengine watataka kitu kinachokaribiana na cha nduguze. Je, ni mzee wa Kimaasai aliyetolewa meno mawili ya chini ya katikati tangu utoto? Ulimi wake umeishi na pengo hilo maisha yake yote. Muulize analitaka au halitaki. Usimwamulie.

Haya, jambo la tatu na la mwisho: wewe ufanye nini?

Meno bandia kamili hayatengenezwi siku moja. Kuna siku ya kupimwa ufizi, kuna siku ya kupima kimo na midomo kwa ukingo wa nta, na kuna siku ya kujaribu meno yakiwa yamepangwa juu ya nta. Siku hii ya kujaribu ndiyo siku yako. Nta bado inalainika, jino linasogezwa kwa kisu kidogo. Baada ya hapo nta inaondolewa, plastiki inawekwa mahali pake na kupikwa, na kila kitu kinakuwa kigumu.

Nasema kwa uchungu kwamba siku hii huchezewa mno. Kazi hutumwa kwa fundi bila maelezo, fundi hamjui mgonjwa, hajauona mdomo wake wala hajaisikia sauti yake. Afanye nini maskini? Anayapanga meno juu ya ukingo wa ufizi, kwa sababu ndicho pekee anachokiona mezani. Kisha mgonjwa anaitwa, anapachikwa, anaulizwa "Vipi?", anasema "Sawa", basi. Fundi hana kosa lote, na mgonjwa hana kosa lote. Sisi madaktari ndio tunaopaswa kumwandikia fundi katikati ni wapi, chonge ziishie wapi, ncha zishuke kiasi gani, na kumchorea hayo kwenye nta yenyewe.

Kuna mafundi watakaoniuliza: daktari, tukiyapeleka meno mbele ya ukingo, si bamba la meno bandia litachomoka mtu akiuma? Ni swali la haki. Bamba la juu hushikwa na mguso mzuri wa kaakaa, na kingo zilizofuata vizuri mfereji kati ya mdomo na ufizi, pamoja na misuli ya midomo na mashavu inayolikumbatia. Meno yakiwa mahali pake pa asili, misuli hiyo huyasaidia. Yakiwa nyuma mno, ulimi ndio unaoyasukuma. Na mgonjwa afundishwe: muhogo mkavu au kipande cha nyama ukate kwa kisu vipande vidogo, utafune kwa magego ya pande zote mbili. Usiukwanyue kwa meno ya mbele.

Kwa hiyo siku ya majaribio, msikilizaji, fanya haya. Nenda na picha ya zamani inayoonyesha meno yako. Kama una meno bandia ya zamani, hata yaliyovunjika, yabebe. Nenda na mtu anayekufahamu usoni: mwenzi wako, mtoto, dada. Omba kioo kikubwa, usiridhike na kile kidogo kinachoonyesha mdomo tu. Simama, jitazame ukiwa umetulia, kisha ukicheka. Jitazame na kwa upande, uone mdomo wa juu umeegemezwa vizuri. Kisha zungumza, wala usitaje neno moja tu. Hesabu kutoka hamsini mpaka themanini, taja majina ya wajukuu, msalimie uliyekwenda naye. Kama kitu hakijakaa sawa, kiseme. Kumwambia daktari "bado" si kumkosea adabu.

Tufunge kwa kukumbushana. Moja: ufizi unarudi nyuma, kwa hiyo usikubali meno ya mbele yapangwe kwa kuufuata ufizi peke yake. Mbili: alama zipo, kinundu nyuma ya meno ya mbele, kijifereji cha mdomo, mboni za macho, pembe za mdomo na sauti yako mwenyewe, na zinafaa zikisomwa kwa pamoja. Tatu: siku ya nta ndiyo siku ya kusema.

Watu wengi wazima huona haya kudai, wakijiambia, "Nimeshazeeka, nataka ya kutafunia tu." Hapana, mzee wangu. Una haki ya kutafuna, una haki ya kutamka jina la mjukuu wako likaeleweka, na una haki ya kujitambua kwenye kioo. Daktari akikuuliza, "Tumalizie?", mwambie asubiri kwanza, kisha hesabu kwa sauti: sitini na sita, sabini na saba. Nyote mkiridhika, mpe ruhusa aendelee.